Nywele Nyekundu za Mtoto na Chakula cha Nyumbani

Katika nchi ya Mohoro, na katika vijiji vyote vya Rufiji mpaka kwenye mikoko ya Delta, watu huzitazama sana nywele. Mwanamke husifiwa kwa nywele zake. Mtoto mchanga hunyolewa kwa desturi na jamaa hukusanyika. Mzee mwenye mvi hupishwa njiani. Lakini ni wachache wazitazamao nywele kama mganga wa hospitali azitazamavyo, yaani kama habari itokayo ndani ya mwili. Habari hiyo twataka kuieleza mwezi huu, maana kuna watoto ambao nywele zao zilinena mapema, wala hapana mtu aliyesikia, mpaka miguu ikavimba.

Kwanza yafaa tujue unywele ni kitu gani. Sehemu ile tuionayo haina uhai, ndiyo sababu mkasi hauumizi. Uhai wake uko chini ya ngozi, ndani ya kitundu kidogo ambamo shina la unywele hukaa. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000, na kila siku huanguka 50 au 100 pasipo ugonjwa wo wote. Zilizobaki hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, na kwetu Waafrika aghalabu ni pungufu kidogo. Mengi ya mashina hayo hufanya kazi usiku na mchana, na kazi yao yahitaji chakula. Karibu unywele wote umefanyizwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani ya keratini mna salfa nyingi. Kila mtu aliyewahi kuunguza nywele motoni ameinusa salfa hiyo.

Tena mwili una busara yake. Chakula kikipungua, hauanzi kwa kuunyima moyo wala ubongo. Hupunguza kwanza matumizi ya vile ambavyo mtu aweza kuishi pasipo navyo, na nywele ni mojawapo. Ndiyo maana kichwa huonyesha shida ya nyumba kabla mtu hajalala kitandani.

Mwaka wa 1933 daktari mwanamke, jina lake Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliandika habari za watoto aliowaona alipokuwa akifanya kazi katika Gold Coast, nchi ambayo leo yaitwa Ghana. Watoto hao walikuwa wa mwaka mmoja mpaka minne. Walilishwa uji wa mahindi, basi. Miguu na mikono ilivimba, ngozi ilibabuka, na kila walipoguswa walilia kwa unyonge. Kwa lugha ya Waga ugonjwa huo uliitwa kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto wakati mdogo wake azaliwapo. Kwa Kiswahili twauita unyafuzi. Baadaye Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi Kenya kisha katika hospitali ya Mulago huko Kampala, aliuchunguza kwa miaka mingi, na mwaka wa 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu yake. Madaktari wa siku hizi husema kwamba upungufu wa protini peke yake hautoshi kuueleza ugonjwa huu. Maradhi ya tumbo yamo, na upungufu wa vitamini na madini umo, wala wataalamu hawajapatana juu ya sababu zote. Lakini juu ya dalili wamepatana, na dalili mojawapo ni nywele.

Nywele za mtoto mwenye unyafuzi hupoteza weusi wake. Huwa nyekundu au za rangi ya kutu, huwa laini na kunyooka, huwa chache, na mtu akizivuta kidogo hung'oka wala mtoto hasikii maumivu. Mara nyingi jamaa huzisifu, ati mtoto ana nywele laini kama za Mwarabu. Au kinyozi huitwa, nazo hunyolewa zote, na habari ile hutupwa jalalani pamoja nazo.

Sasa twafikia jambo zito. Pwani yetu, mtoto anyongeapo na kuvimba hivi, jirani husema, “Amebemendwa.” Maana yake ni kwamba baba au mama hakujizuia wakati wa kunyonyesha, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, na mtoto akapatwa na uchafu wa tendo lile. Neno hilo likisemwa, mambo matatu hufuata. Mama huona haya na humficha mtoto ndani. Baba na mama huanza kushukiana. Tena mtoto hupelekwa kwa mganga wa dawa za kuoga na za kuvaa shingoni, na majuma hupita. Twajua nyumba ambazo ndoa ilivunjika kwa neno hilo, na mtoto aliyekuwa chanzo cha ugomvi hakuishi kuyaona mavuno.

Hatusemi hayo kwa kuwacheka wazee. Wazee waliona sawasawa kwa macho yao, ila walitaja sababu nyingine. Waliona kwamba mama akipata mimba nyingine mapema, yule wa kwanza hunyong'onyea. Waga nao waliona vivyo hivyo, wakaliweka katika jina la ugonjwa. Na kweli ndivyo, kwa maana mama mwenye mimba mara nyingi humlikiza mtoto kabla ya wakati, na badala ya maziwa humpa uji wa muhogo mtupu, mweupe kama chokaa, usio na samaki wala kunde wala karanga. Kilichomdhuru mtoto ni sahani yake. Desturi ya kuachanisha uzazi ilimlinda mtoto kwa kumwachia ziwa miaka miwili, na kwa sababu hiyo twaiheshimu. Lakini mama ambaye mtoto wake ana nywele nyekundu asihukumiwe kuwa ni mzinzi, naye aliye mwalimu au mzee wa kanisa asiwe wa kwanza kulitamka neno lile.

Basi mama afanye nini? Amkalishe mtoto, abonyeze kwa kidole gumba juu ya kila wayo, ahesabu polepole mpaka 3, kisha aondoe. Kishimo kikibaki pale katika miguu yote miwili, ni uvimbe wa ugonjwa, aondoke siku ile ile aende zahanati au kituo cha afya. Huko watampima mkono kwa utepe wenye rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, utepe ukifika kwenye rangi nyekundu, yaani mkono wake una mzunguko usiotimia sentimita 11.5, huyo amo hatarini. Mtoto aliyevimba aweza kuwa na mkono mnene kwa ajili ya maji, kwa hiyo utepe usitumainiwe peke yake.

Hapa pana onyo ambalo wengi hawalijui. Mtoto aliyedhoofika sana asishindiliwe chakula kingi siku ya kwanza, hata kama jamaa wamechinja kuku kwa huruma. Mwili uliozoea njaa hauwezi kuupokea wingi kwa ghafula, na moyo waweza kushindwa. Hospitalini huanza kwa maziwa maalumu, kidogo kidogo, kila saa 2 au 3, usiku na mchana, kisha huongeza. Yule ambaye hana maradhi mengine na anayo hamu ya kula hupewa “chakula dawa,” ambacho ni karanga zilizosagwa pamoja na maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini, akakile nyumbani. Chakula hicho ni cha mgonjwa peke yake. Twawasihi akina baba wasikigawe kwa watoto wote kwa kuona ni utamu.

Waganga wa hospitali huijua dalili nyingine iitwayo dalili ya bendera. Kwa kuwa unywele hukua kwa kipimo, ule uliokua wakati wa njaa huwa mwekundu, na ule uliokua wakati wa shibe huwa mweusi. Hivyo unywele mmoja mrefu waweza kuwa na mistari kama bendera, na mwenye ujuzi aweza kuhesabu miezi juu yake. Twaona kwamba jambo hilo lafaa kufikiriwa sana na watu wa Rufiji, ambao maisha yao nayo yana mistari. Mvua za masika huja, mto hupanda mwezi wa Aprili, mpunga huvunwa maji yakipungua, kisha watu hupanda mlao katika tope lililoachwa na mto, mahindi na kunde na maboga. Lakini ile miezi ya kabla ya mavuno, ghala likiwa tupu na kazi ya shamba ikiwa nyingi, ndiyo miezi ya mstari mwekundu. Mchunguzi mmoja, Han Bantje, aliangalia uzito wa watoto wachanga katika kijiji cha Ikwiriri, ng'ambo ya mto, na mwaka wa 1983 aliandika kwamba uzito huo hubadilika kwa majira. Kumbe hata mtoto aliye tumboni hujua kama ghala limejaa.

Tena kuna miaka inayopita miaka mingine. Mwezi wa Aprili 2024 Rufiji ilifurika, na katika wilaya za Rufiji na Kibiti maji yakafunika mashamba na nyumba, na watu wengi wakahama. Wazee husimulia ya zamani zaidi. Mohoro ilikuwa na boma la Wadachi, na hapo ndipo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipotundikwa tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza. Kabla ya vita watu walilazimishwa kulima pamba wakati ambao mashamba ya chakula yaliwangoja. Na katika vita askari wa Wadachi waliteketeza vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Basi nchi hii imeijua njaa iliyoletwa na mto, na imeijua njaa iliyoletwa na watu. Unyafuzi wa siku hizi mara nyingi si wa namna hizo mbili. Huja katika nyumba yenye chakula, lakini chakula cha namna moja.

Labda msomaji atauliza: vitamini ni nini hasa? Jibu lake lilianzia katika mchele, na watu wa Mohoro ni wala wali, kwa hiyo wasikilize. Katika miaka ya 1890 Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi katika kisiwa cha Java, alikuwa akitafuta sababu ya ugonjwa wa beriberi, ambao hulegeza miguu na kuvimbisha mwili na kuua kwa moyo. Akaona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakilegea miguu vivyo hivyo, na walipopewa mchele wenye pumba wakapona. Mwaka wa 1912 Casimir Funk, Mpoland aliyefanya kazi London, alikitungia jina la vitamini kile kitu kidogo kilichokosekana. Eijkman akapewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1929. Kitu cha pumba kile sasa huitwa vitamini B1. Bibi zetu waliotwanga kinuni waliacha pumba kidogo juu ya punje, na mchele wao ulikuwa na rangi. Mashine hung'arisha mpaka punje zikawa kama lulu, na kilichoondoka hupewa kuku. Hatuwaambii akina mama warudi kwenye mchi kila siku, maana mikono yao ina kazi za kutosha. Ila mwenye mashine aombwe asikoboe mara mbili, na mchele usioshwe maji matano kama kwamba ni nguo. Tena wali uende na kunde, ambazo zina vitamini hiyo hiyo na protini pia.

Vitamini A ni ya macho, ya ngozi na ya kinga ya mwili. Mtoto aliyepungukiwa nayo hujikwaa jua likitua, na ngozi yake hukauka na kuparuza. Katika vyakula vya mimea huja kwa rangi: majani ya kijani kibichi kama mchicha, matembele na majani ya maboga, na vitu vyenye rangi ya machungwa ndani kama papai, embe bivu, boga na viazi lishe. Rufiji ina miembe mingi hata maembe huoza chini. Lakini yapasa kujua kwamba vitamini A huingia mwilini pamoja na mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji na chumvi hutoa sehemu ndogo ya mali yake, na mchicha uliopikwa kwa tui la nazi hutoa zaidi. Basi pishi la pwani limekuwa na hekima kabla ya vitabu. Anayetaka kuyahifadhi majani au maembe kwa miezi ya njaa na ayakaushe kivulini penye upepo, maana jua kali huila vitamini hiyo. Juu ya hayo serikali hutoa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 mpaka 59, kila baada ya miezi sita. Asiwepo mzazi wa kuyakosa kwa uvivu.

Vitamini C ni ya fizi, ya mishipa ya damu na ya kupona vidonda. Akiikosa mtu kwa miezi hupata kiseyeye. Fizi hutoka damu, meno hulegea, na nywele za mwilini hujisokota kama uzi uliokatika. Pwani ya Afrika Mashariki ina sehemu katika hadithi ya ugonjwa huo. Mwezi wa Januari 1499 merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi kutoka Bara Hindi, baada ya safari ya karibu miezi mitatu ambamo watu 30 walikufa, na waliobaki waliugua kwa kuvimba fizi. Walituma mtu pwani awatafutie machungwa, ambayo wagonjwa waliyatamani mno. Karne mbili na nusu zikapita kabla daktari James Lind hajawajaribu mabaharia wa Kiingereza, mwaka wa 1747, akathibitisha kuwa machungwa na malimau huwaponya. Sisi tuna mapera, ubuyu, ndimu na maembe. Tuna hata mabibo, ambayo yana vitamini C kupita machungwa. Lakini mabibo hutupwa korosho ikisha kung'olewa, au hupikwa pombe, na mtoto huambiwa yatamkwaruza koo. Tukiyakamua maji na kuyachuja ukali wake hupungua.

Sasa mayai. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mwanamke mwenye mimba hukatazwa mayai, ati atazaa mtoto mwenye upara. Hakuna katazo lililokwenda kinyume cha kweli kuliko hili. Yai lina protini yenye salfa, lina vitamini A, na kiini chake kina biotini, ambayo mtu akiikosa nywele zake hupukutika. Jambo moja tu: ute mweupe ukiliwa mbichi kila siku huifunga biotini isiingie mwilini, kwa hiyo yai lipikwe. Mtoto kuzaliwa na nywele chache ni jambo la ukoo wake na la umri wake, wala si la yai.

Samaki nao wana habari yao. Delta ya Rufiji ni nchi ya kamba kuliko mahali pengine po pote katika pwani ya Tanzania, nao karibu wote husafirishwa kwenda kuuzwa mbali. Hatumlaumu mvuvi, ada ya shule hailipwi kwa kamba wa kuchemsha. Lakini uduvi mdogo na dagaa, ambao bei yao ni ndogo, wangebaki nyumbani. Kijiko kimoja cha uduvi uliokaushwa na kutwangwa, kikitiwa ndani ya uji wa mtoto pamoja na karanga zilizosagwa, hugeuza uji ule kuwa chakula kingine kabisa. Perege na kambale wa mabwawa wafaa vile vile. Ufuta pia, ambao sasa watu wa Rufiji na Kibiti wanaulima sana kwa kuuza, una chuma na zinki, na zinki ikipungua nywele huwa haba na vidonda havifungi. Debe moja la kuuza, kibaba kimoja cha mtoto: twadhani mgawo huo hautamfilisi mtu.

Juu ya muhogo tuseme zaidi, kwa kuwa ndio ngome ya watu wa nchi za juu wakati mto unapoharibu mpunga. Muhogo mchungu una sumu, na mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa ya protini, ile ile inayojenga nywele. Mtu alaye muhogo mchungu usiolowekwa wala kukaushwa sawasawa, tena bila kitoweo, hupoteza mara mbili, maana hakuingiza salfa na ile aliyo nayo hutumika kupigana na sumu. Mwaka wa 1985, wakati wa ukame huko Tarime, watu walifupisha kazi ya kuuandaa muhogo kwa ajili ya njaa, na wengi wao, hasa wanawake na watoto, wakapooza miguu kwa ghafula wasipone tena. Ugonjwa huo huitwa konzo. Basi muhogo mchungu ulowekwe siku tatu hivi mpaka ulainike, ukaushwe vema, wala siku hizo zisipunguzwe hata kama watoto wanalia. Afadhali kuomba kibaba kwa jirani. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa sana bila kufunika chungu.

Kwa watu wazima twaona nywele zikianguka kwa sababu nyingine, na hapa wenye kuuza dawa huwadanganya wengi. Mwanamke aliyejifungua huona nywele zikitoka kwa wingi baada ya miezi 3 hivi. Hilo ni la kawaida, nazo hurudi zenyewe. Msichana anayesuka nywele kwa kuzivuta mpaka ngozi ya kipaji ikasimama, hupoteza nywele za mbele, na akiendelea kwa miaka mashina hufa. Hakuna vitamini itakayoyafufua. Mashilingi ya kichwani kwa watoto wa shule ni ukungu, yanataka dawa ya hospitali, wala hayatoki kwa mchicha. Lakini mwanamke aliyechoka daima, mwenye viganja vyeupe na nywele zinazopungua kichwa kizima, huenda ana upungufu wa damu, naye apimwe damu na choo pia, kwa maana safura na malaria hunyonya damu kuliko chakula kinavyoiongeza. Maini, samaki na majani ya kijani vina chuma, na ndimu juu ya mboga hukisaidia kuingia. Chai hukizuia. Desturi ya kumpa mtoto chai kavu pamoja na chakula ingeachwa. Na angojee saa moja, kama hana budi kunywa.

Vidonge vya vitamini vinavyouzwa kwa jina la nywele havimwongezei kitu mtu ambaye hakupungukiwa. Zaidi ya hayo, vitamini A ikizidi mno mwilini huziangusha nywele, na kwa mwenye mimba yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mtu aliyeitaka kwa embe na mchicha hawezi kuzidisha kiasi cha kujidhuru. Aliyeitaka kwa chupa aweza.

Walimu wametuuliza bustani ya shule yafaa ipandwe nini. Twajibu: mchicha na matembele karibu na kisima, mipapai mpakani, viazi lishe kwenye matuta, kunde kila mahali palipobaki. Katika nchi ya mafuriko, sehemu moja ya bustani iwe juu, hata ikiwa ndogo, ili mbegu na marando ya viazi yasipotee mwaka wa maji mengi. Watoto wapike walichopanda, shuleni, mara moja kwa juma, na tui liwemo. Mvulana asiachwe nje ya kazi hiyo. Siku moja atakuwa baba wa nyumba, na ndiye atakayeamua kama uduvi wauzwa au wabaki.

Na mama ambaye mtoto wake ametoka hospitali mwezi huu asishtuke akiona nywele bado ni nyekundu. Zile zilizokwisha kuota hazigeuki. Atazame mashinani: baada ya majuma machache ataona weusi ukianza karibu na ngozi, mwembamba kama uzi, kisha mpana kama ukucha. Uvimbe wa miguu utakuwa umekwisha zamani. Asizinyoe kwa haraka, maana kwa weusi ule atajua kama sahani ya nyumbani yatosha. Na baada ya miezi mitatu au minne kinyozi aziondoe ncha nyekundu zilizobaki.